Heri Wauza Mechi kwa Vipande

Binadamu ni mwepesi wa lawama. Tangu mechi za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, zianze kuhamia mtandaoni, sijamsikia shabiki hata mmoja akitoa neno la shukrani kwa kampuni zinazomuuzia. Wote kilio chao kimoja: bei, picha kuganda, nywila kugoma. Kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kuzitetea kampuni hizi, nimeona niubebe mimi mzigo huu, bila malipo na bila kuombwa.

Tukumbuke kwanza dhiki ya zamani. Mzee wa Kimarekani alikuwa anatoka kanisani Jumapili, anakula, anajitupa kwenye kochi, anabonyeza kitufe kimoja na mechi hiyo hapo. Hakulipa kitu, hakuulizwa jina, wala hakutakiwa kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Mtu aliyelelewa kwa mteremko namna hiyo atajifunza nini duniani? Leo mjukuu wake akitaka kufuatilia msimu mzima sharti awe mhasibu. Alhamisi anakwenda Amazon Prime Video, ambako mechi za siku hiyo zimefungiwa tangu 2022. Jumapili mchana ana CBS na Fox, lakini kwa mechi zile tu alizochaguliwa na ramani ya eneo lake. Usiku ni NBC au huduma yake ya mtandaoni, Peacock. Jumatatu ni ESPN. Krismasi ni Netflix, walioanza mwaka 2024 na kumpandisha Beyoncé jukwaani kule Houston wakati wa mapumziko. Na Septemba 2025, Chiefs na Chargers walipokwenda kucheza São Paulo, ilikuwa zamu ya YouTube. Hiyo ya YouTube ilionyeshwa bure, kasoro ambayo naamini itarekebishwa.

Lakini sifa kubwa kuliko zote naiweka kwa Sunday Ticket. Chukua mtu aliyezaliwa Dallas akahamia Minneapolis kutafuta riziki. Mwili umehama, moyo umebaki kwa Cowboys. Jumapili mchana televisheni ya huko inamwonyesha Vikings, apende asipende. Akiitaka timu yake, anunue kifurushi cha mechi zote za mchana zisizoonyeshwa katika eneo lake, zikiwemo za timu ambazo hata rangi za jezi zao hazijui. DirecTV waliuza kifurushi hicho tangu 1994, na enzi hizo ulihitaji dishi juu ya paa. Mwaka 2023 YouTube wakakichukua, na bei iliyotangazwa kwa asiye mteja wa YouTube TV, huduma yao ya chaneli za kulipia, ilikuwa dola 449 kwa msimu. Dishi likashuka, bei ikabaki juu ya paa.

Mashabiki wasio na fadhila walikuwa wamekwisha kuishtaki ligi mahakamani mwaka 2015 kwa bei ya kifurushi hicho, na Juni 2024 kesi yao ikasikilizwa Los Angeles. Humo yakasikika mambo ya kutia aibu. Kumbe ESPN, walipokuwa wanawania haki ya Sunday Ticket, walipendekeza kukiuza kifurushi kwa dola 70 kwa msimu, na tena mtu aruhusiwe kununua timu yake peke yake! Fikiria fedheha ambayo ingeipata bidhaa tukufu kama hii. Ligi ikajitetea kwamba hiki ni kitu cha daraja la juu, na asiyekimudu ana CBS na Fox. Jopo la raia wanaoamua kesi halikuelewa somo, likasema mashabiki walipwe zaidi ya dola bilioni 4.7, fedha ambazo kwa sheria ya ushindani ya Marekani zingeweza kuzidishwa mara tatu. Agosti 1 Jaji Philip Gutierrez akaufuta uamuzi wote, akisema ushahidi wa wataalamu wa walalamikaji haukufaa kutegemewa. Ligi ikapumua. Nami nikapumua pamoja nayo, ingawa hakuna senti yangu iliyokuwa humo.

Sasa nije kwenye kuchelewa, maana hapa ndipo wapinzani hupiga kelele zaidi. Ni kweli kwamba picha ya mtandaoni humfikia mtazamaji baada ya ile ya hewani, mara nyingi kwa nusu dakika au zaidi. Wao wanaita kasoro. Mimi naiona karama. Aliyekulia kwenye kibanda umiza cha Manzese, Dar es Salaam, anakumbuka umaskini wa furaha ya pale: goli linaingia, watu mia wanaruka kwa sekunde moja, kisha basi, imekwisha. Mtu huyo huyo leo yuko ghorofani Houston, na shangwe inamjia kwa awamu. Kwanza jirani mwenye antena anapiga yowe. Kisha wa kebo upande wa pili anagonga ukuta. Simu inatetemeka mezani, shemeji ametuma matokeo. Na yeye bado anatazama wachezaji wakijipanga, akijua yatakayotokea, ametulia kama nabii. Lini televisheni ya bure iliwahi kumpa mtu uwezo wa kutabiri?

Na kuganda je? Kuganda ndiko kunakolaumiwa kwa uonevu mkubwa zaidi. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima na kukuta kwamba katika matangazo ya zaidi ya saa tatu, mpira unachezwa kwa takriban dakika 11 tu. Kilichobaki ni watu wamesimama, watu wanajipanga, marudio, na matangazo ya magari. Picha ikiganda, uwezekano ni mkubwa kwamba umekosa kumwona mtu aliyesimama akiwa amesimama. Kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo angalau kinajituma.

Tena tusisahau huruma ya wauzaji. Januari 13, 2024 Peacock walikuwa na mechi ya mchujo peke yao: Chiefs dhidi ya Dolphins, uwanja wa Arrowhead, Kansas City. Joto lilikuwa kama nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Kofia ya Patrick Mahomes wa Chiefs iligongwa ikabanduka kipande, na barafu ikashika masharubu ya kocha wake, Andy Reid. Nje ya Kansas City na Miami, asiyejisajili hakuona lolote kati ya hayo. Alikingwa na baridi hiyo kwa ada ndogo tu ambayo hakuilipa. Waliolipa waliona Chiefs wakishinda 26–7, na wengi wao, nadhani, walisahau kujiondoa siku ya pili, wakaendelea kukatwa hadi kiangazi, wakati hakuna anayecheza. Huo ni uaminifu ambao hata ndoa nyingi hazina.

Wazee watasema zamani mechi haikukatwa katikati. Si kweli. Novemba 17, 1968, Jets walikuwa wanaongoza Raiders 32–29 kule Oakland, imebaki kama dakika moja. Ilipofika saa moja jioni kwa saa za mashariki, NBC wakaikata mechi na kuweka Heidi, filamu ya binti wa milimani. Raiders wakafunga mara mbili ndani ya sekunde tisa wakashinda 43–32, na simu za NBC zikazidiwa na watu wenye hasira. Angalia lakini tofauti: watu wale walikatiwa bure. Hawakuwa na risiti. Mteja wa leo hukatiwa kwa heshima zote, akiwa amelipa. Oktoba 30, 2025 mkataba kati ya Disney na YouTube TV ulikwisha bila matajiri hao wawili kuelewana, na ESPN na ABC, chaneli za Disney, zikatoweka kwa wateja wa YouTube TV hadi Novemba 14. Zilipita Jumatatu mbili za mechi. YouTube TV wakawapoza wateja kwa punguzo la dola 20. Heidi hakumpoza mtu.

Sitasema mengi kuhusu nywila. Kila mwenye rimoti anajua raha ya kuandika neno la herufi 14, herufi kubwa moja na alama moja, kwa kusogeza mshale mmoja mmoja, huku mpira umekwisha kupigwa. Mtu akikosea mara tatu anatumiwa namba kwenye simu ya mkewe, na mke yuko kazini. Wanandoa wengi wa Marekani sasa wanaongea kila Alhamisi usiku ambao zamani wasingeongea.

Kwa hiyo nawaombea wauzaji hawa maisha marefu, na naiombea ligi ipate wanunuzi wapya. Siku za wiki bado zipo ambazo hazijauzwa sawasawa. Robo nne za mchezo nazo, kwa nini ziwe mahali pamoja?

Ombi langu la mwisho ni kwako msomaji, hasa ukiwa na ndugu huko Marekani. Kuna uvumi kwamba antena ndogo ya kubandika dirishani huuzwa dukani kwa bei isiyofika ada ya miezi michache ya huduma hizi, kwamba CBS, Fox, NBC na ABC bado zinarusha mechi hewani bure, na kwamba hata mechi za Amazon huonyeshwa na stesheni ya kawaida katika miji ya timu mbili zinazocheza. Uvumi huo ni wa kweli wote. Tafadhali usimwambie mtu.