Bustani ya Mtu wa Vikao

Juni imeingia Njombe, na jirani yetu mheshimiwa bado anailima bustani yake kwa simu. Akiwa kikaoni Dodoma humwandikia kijana wa nyumbani: "Dogo, nyanya vipi? Nirushie picha." Picha inarushwa, inang'arishwa, inawekwa hadharani, watu wanampongeza kwa kilimo cha kisasa.

Hakuna aliyemnong'oneza kwamba sakitu haisubiri kikao kifungwe. Huja usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi inapopoteza joto lake, na kufikia alfajiri majani ya nyanya na viazi yamenyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Bibi wa nyumba ya pili, asiye na simu janja wala wafuasi, jioni hutandaza nyasi kavu juu ya miche yake na asubuhi huziondoa. Kwa sukuma wiki hajisumbui sana: baridi huizidishia utamu, maana wanga wake hugeuka sukari.

Mheshimiwa naye amechukua hatua. Ameagiza kila mche uwekewe kibao chenye jina la kitaalamu, kwa Kilatini. Vibao vimestahimili baridi vizuri mno. Kuhusu nyanya zenyewe, akipata nafasi ataunda kamati.