Mtungi Chini ya Kitanda

Dada yangu anauza matunda Embakasi. Jumatatu moja ya Februari alipiga simu: anataka kreti kumi na mbili za maembe ya Apple, yaliyokomaa lakini bado magumu, yafike Ijumaa alfajiri. Watu wa maploti ya huko, alisema, siku hizi hawalali bila matunda, tena wanalibonyeza embe kwa kidole gumba kabla ya kutoa pesa. Likiwa na tundu la inzi wanalirudisha.

Baba alifurahi kutushinda sote. Anakumbuka 2014, Kenya ilipojizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya inzi wa matunda. Soko hilo lilifunguliwa tena 2021, lakini kwake mteja wa Nairobi anayepiga simu mwenyewe, bila broka katikati, ndiye soko.

Tulichuma Jumanne na Jumatano, vikonyo tukaviacha virefu ili utomvu usiunguze ganda. Hatuna friji. Tuna kibanda cha mkaa: kuta za waya mbilimbili, katikati mkaa, juu maji yanadondoka. Upepo ukipita kwenye mkaa uliolowa, maji hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Februari ya kwetu Nuu ikiwaka nje, ndani unahisi Julai.

Ila kibanda kinakunywa. Punda alishuka mtoni mara nne kwa siku, mitungi minne kila safari, na maji yenyewe ni ya kufukua mchangani. Jumatano jioni watoto walioga kwa kikombe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayedai embe gumu Embakasi anadai pia maji yetu, na bei ya kreti haiyahesabu. Mwaitu, yaani mama, hakubishana. Aliujaza mtungi mmoja akausukuma chini ya kitanda chake.

Usiku huo Susu, yaani bibi, alifika kutoka Mwingi na vichane vitatu vya ndizi mbivu za wajukuu. Akatafuta penye baridi, akaziingiza kibandani, chini ya turubai tuliyofunikia kreti popo wasiguse. Ulikuwa upendo mtupu. Lakini ndizi mbivu hutoa hewa iitwayo ethilini, inayoharakisha matunda mengine kuiva, na turubai iliifungia humo.

Alhamisi punda akachechemea. Mkaa ukakauka. Pikapu ya kubeba maembe ikavunjika springi njiani, ikafika Jumamosi mchana, na harufu ya maembe ilimlaki dereva kabla yetu. Nilifunua turubai, nikabonyeza kwa kidole gumba kama wanavyobonyeza wateja wa dada. Kreti saba zilikuwa laini. Susu aliziona ndizi zake pale juu ya kreti, akakaa chini, akashika kichwa.

"Susu, hukujua," Baba alimwambia. "Nasi hatukukwambia."

Dereva aliondoka na kreti tano. Mwaitu aliingia chumbani, tukasikia mtungi ukiburutwa sakafuni. Maji yale safi ndiyo tuliyooshea maembe ya zile kreti saba, tukayamenya, tukayakata vipande vyembamba na kuyaanika kwenye wavu uliofunikwa chandarua. Susu alikata kuliko sote, hakuinuka mpaka giza.

Jumatatu dada akapiga tena. Zile tano ziliisha siku moja. Sasa anataka ishirini.

Baba alinipa simu. Mwaitu alikuwa anampaka punda dawa mguuni.

"Mwambie asubiri huyu apone," alisema.