Kwa Waziri wa Fedha: mbu wa Lubunga hawakupata waraka

Mheshimiwa Waziri, Kinshasa,

Pokea kwanza pongezi za utulivu wako. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90 ili ikaguliwe. Marekani hiyohiyo mwaka 2024 ilibeba karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu zilizoingia nchini mwetu. Tulitega sikio, yowe kutoka ofisini kwako hatukulisikia. Huku Lubunga, Kisangani, tukaambiana: lazima ana akiba mahali.

Shida ni mbu. Wao hawakupata nakala ya waraka, wakachapa kazi siku zote 90, bila posho ya primu. Katika hilo wanafanana na wauguzi wetu wengi, ila mbu wanakula.

Tuko wa pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na vyandarua na dawa hulipiwa zaidi na wageni, hasa kupitia Mfuko wa Dunia. Novemba 2025, huko Johannesburg, mfuko huo ulitafuta dola bilioni 18 ukaahidiwa bilioni 11.34. Wageni wanakunja mkeka.

Tusiwalaumu sana. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Kongo bado haijaifikia. Kisangani wakati ule ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, kwa hiyo huenda ahadi ilikwama kwenye kizuizi cha njiani. Lakini waasi waliondoka zamani, Mheshimiwa. Unaweza kuiruhusu ipite.

Mtoto wa huku akishikwa na homa, inatakiwa tone moja la damu ya kidoleni kwenye kipimo kidogo cha plastiki, kisha dakika kama 15 za kungoja. Vipimo vikiisha kituoni, mama anambeba mgongoni hadi ukingoni, anapanda mtumbwi, anavuka mto, anatafuta toleka, teksi ya baiskeli, upande wa Makiso, na akishashuka kwenye baiskeli ananunua fishi, kadi ya matibabu, kabla hajamwona daktari. Mpiga kasia anataka taslimu. Wa toleka vilevile, na wa fishi ndiye mkali kuliko wote. Hakuna hata mmoja anayepokea ahadi ya Abuja.

Hatuombi hotuba, wala sherehe ya kukabidhi vyandarua ambavyo hukuvinunua. Bajeti ijayo ikishapigiwa kura na mwaka wake ukaisha, tuandikie takwimu mbili tu: fedha za afya walizopitisha wabunge kwa ajili ya mkoa wetu wa Tshopo, na zile zilizotoka hazinani kweli zikafika. Ukiona aibu kuzisoma redioni, zitume kwa boti la mto. Ni kilomita kama 1,700, na tumezoea kungoja.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi wa Lubunga, Kisangani