Kijiji cha Mbali, Kilomita Chache Kutoka Hapa: Muhadhara wa Bure kwa Waliolipa

Mabibi na mabwana, waheshimiwa, na wewe uliyekuja kwa ajili ya samosa: itifaki imezingatiwa.

Niiteni Profesa. Cheo hiki nimejipa mwenyewe baada ya vyuo vikuu vyote kuzembea. Nyinyi mkichungulia dirisha la hoteli hii ya Westlands mnaona Nairobi. Mimi, bingwa wa vijiji vya mbali, naona mwisho wa dunia inayojulikana. Huko nyuma ya Lavington kuna binadamu ambao hawajawahi kupigwa picha na mgeni aliyevaa stethoskopu. Wanaishije? Sayansi imekaa kimya.

Historia kidogo. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo tunaijua kama Amref. Ndege zikawa zinapaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson kwenda nyikani. Mwanzo mtamu kabisa! Kisha wakaharibu: wakasambaza redio za mawasiliano, halafu wakaanza kuwafundisha wenyeji kutibiana. Jamani, ukishamfundisha mwenyeji, mwaka ujao utakuja kumwokoa nani?

Kambi yetu ya matibabu haina kasoro hiyo. Ni ya Jumamosi moja, katika uwanja wa shule, Kawangware. Saa ya kwanza ni ya kugawana fulana. Ya pili ni ya kumsubiri mheshimiwa. Ya tatu vilevile. Mgonjwa wa kwanza huonwa harufu ya pilau ikishaanza kusikika: mama mboga, amepanga foleni tangu alfajiri, kibanda amemwachia jirani. Mwanafunzi wetu wa kujitolea kutoka ng'ambo anamfunga kitambaa cha mashine mkononi, kinavimba, kinanywea, namba zinatokea: 180 kwa 110. Mwanafunzi anashtuka kuliko mama. Tunampa vidonge vya wiki mbili katika bahasha ya kaki, imeandikwa "1 x 1" kwa kalamu inayokaribia kuisha wino, tunamkumbatia, tunapiga picha. Mtasema presha ni ugonjwa wa maisha. Sikatai. Ila mahema tumeyakodi kwa siku moja, kwa hiyo presha ndiyo itakayojipanga upya.

Sasa tumtaje adui. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini, ikawapa mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na mizani. Mmoja wao anaishi ploti moja na yule mama. Anamjua kwa jina! Anajua kwamba dawa huachwa mwezi ambao karo imebana, na Jumatatu, sisi tukiwa tumeshapanda ndege, atabisha hodi ampime tena. Malipo aliyoahidiwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Samosa zenu za leo zimenigharimu zaidi ya hapo, na bado hakuna aliyemfundisha kusimama vizuri mbele ya kamera.

Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma siku 56, malipo ya madaktari wanagenzi yakiwa kiini cha mvutano. Kijana mmoja akaniuliza kwa nini nauli ya mwanafunzi mmoja kutoka ng'ambo isimlipe daktari wa hapahapa aliyemaliza masomo na bado yuko kwao anasubiri kazi. Swali la kitoto. Daktari wa hapa atamweleza mama kwa Kiswahili anaumwa nini, mama ataelewa, ataenda zake. Machozi yako wapi hapo? Mfadhili atachangia nini?

Kuhusu sheria msiwe na wasiwasi. Baraza la Madaktari linataka daktari mgeni awe na leseni ya muda kabla ya kumgusa mgonjwa. Nimetatua: wajitoleaji wetu si madaktari.

Basi linaondoka saa mbili asubuhi. Tutapita Hurlingham, Yaya na Barabara ya Gitanga, njia ya matatu za 46, tofauti ikiwa sisi tutavaa kofia za safari na kumeza dawa za malaria, hata kama wachochezi watawaambia kwamba kwa urefu huu wa zaidi ya mita 1,600 mbu wa malaria ni nadra. Waliolipia kufika Kongo wasinung'unike. Kawangware kuna steji inaitwa Congo, tutawashusha hapo. Maswali yaletwe kwa maandishi, pamoja na risiti.