Asiyekula Nyama Awekewe Kuku

Kamati ya nyama choma ya ukoo ilikaa jioni nzima ikimjadili mbuzi: awe na ukubwa gani, achinjwe na nani, figo aletewe mjomba yupi. Wageni wasiokula nyama waliwekwa kwenye mengineyo, wakamalizwa kwa sentensi moja: "Hao tutawawekea kuku." Shangazi, Msabato, akakumbusha kuwa kuku naye ana damu. Basi, samaki.

Siku ya siku wageni hao wakaachiwa kachumbari, nyanya na vitunguu vilivyokatiwa kwenye ubao uleule uliotoka kukatiwa mbavu. Maharage nayo yalikuwapo, bila shaka, ila yameungwa kwa supu ya mifupa ili "yasipooze mdomo". Wageni wakatafuna taratibu huku wakiulizwa kama wanaumwa.

Na mkaa si umeshawaka? Mahindi mabichi, muhogo na viazi vitamu vinachomwa kando ya barabara kila siku, vikapakwa ndimu, chumvi na pilipili. Wenyeji, watengeeni wasiokula nyama wavu wao, mbali na mafuta ya mbuzi yanayodondoka. Kisha wekeni mlinzi, maana walaji nyama ndio watakaovimaliza kabla mbuzi hajaiva.