Barua ya wazi kuhusu kiwanda X

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa.

Mji wetu wa Mutwanga, katika sekta ya Ruwenzori, unampongeza Mheshimiwa kwa kiwanda X. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi, awe Butembo au Beni, anakijua vizuri kutoka kwenye silabusi ya hisabati: hakina jina wala mlango, umeme wake haukatiki, na barabara yake haina barieri hata moja.

Mutwanga nayo ina kiwanda, cha chokoleti, kinachotumia umeme wa maji yanayoshuka kutoka milima ya Ruwenzori. Kasoro yake ni kwamba kipo kweli.

Mheshimiwa aruhusu swali moja. Kilo 100 za kakao iliyokwisha kuchachushwa zina maji karibu asilimia 60. Zikishaanikwa, maji yanabaki asilimia 7.5. Zitapima kilo ngapi? Msomi anatoa 7.5 kwenye 60, anapata 52.5, anajibu kilo 47 na nusu. Mama aliyeanika kwenye turubai anasema 43, maana ameshapima misimu mingi. Na ndivyo ilivyo: kikavu ni kilo 40, hakiongezeki wala hakipungui, na sasa hizo 40 ndizo asilimia 92.5 ya mzigo. Kilo nne za msomi zimo daftarini tu. Mizani ikizikataa, ataapa kwamba mnunuzi kamwibia.

Bei nayo ina somo lake. New York, Desemba 2024, tani ya kakao ilivuka dola 12,000. Kabla ya 2025 kwisha ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Atakayesema ikipanda asilimia 50 itarudi ilikokuwa, apewe sifuri.

Sura ya faida ya juu kabisa ndiyo ngumu. Silabusi inasema mzalishaji huchagua wingi wa mazao. Katika sekta ya Ruwenzori, mashambulizi ya waasi wa ADF yamewafukuza watu mashambani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kakao inayoibwa wenyewe wakiwa wamekimbia. Hapo wingi huchaguliwa na mwenye bunduki, na silabusi haijampa herufi.

Tunaomba silabusi ichukue mifano yake kwenye kakao yetu. Kama kakao inashusha hadhi ya hisabati, basi kiwanda X kipewe walau barieri moja: dola tano kwa kila lori, lijae au liwe tupu. Wanafunzi waulizwe gharama ya kila kilo inabadilikaje lori likiwa nusu. Risiti si lazima.