Zamu ya Kobe

Kobe wa Kigango cha Mbuyuni aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya matangazo. Jumapili hiyo, kabla ya baraka ya mwisho, Ngiri, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alisimama mbele na daftari lake akaanza kusoma. Tembo, ahadi mifuko ishirini ya saruji, amemaliza, makofi kwake. Swala, ahadi elfu hamsini, amebakiza kidogo, tumpe moyo. Kobe, ahadi elfu thelathini, ametoa elfu mbili. Hapo Ngiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Waumini wote wakageuza shingo kumtazama Kobe. Kobe akaingiza yake ndani.

Tangu siku hiyo akawa na hoja. Aliyemuuliza mbona haonekani, alijibiwa kwamba yeye na Mungu wake wanaelewana, na kwamba kanisa analo mgongoni: kuta, kuba na paa, halivuji na halidai mchango. Jumapili asubuhi alijikunja humo ndani na simu yake akimsikiliza Nabii Kunguru, mhubiri wa mbali ambaye hawajawahi kuonana. Sadaka alituma kwa simu. Kunguru hakuwa na daftari wala miwani, alipaza sauti tu, “Wewe ambaye namba yako inaishia na sita tatu, pokea!” na Kobe akapokea. Zile elfu ishirini na nane zilizomshinda Mbuyuni alizimaliza kwa Kunguru ndani ya miezi minne, na hakuna aliyemsoma.

Msomaji asimcheke haraka. Mbuyuni kulikuwa na mambo. Padri Korongo alifika mara moja kwa mwezi, maana parokia ilikuwa na vigango vingi na pikipiki moja, na siku akifika, matangazo yalikuwa marefu kuliko mahubiri. Msingi wa kanisa jipya ulichimbwa mvua tatu zilizopita, ukaota nyasi, digidigi wakapata malisho. Waumini walisali palepale siku zote, chini ya mbuyu, na kengele yao ilikuwa rimu ya lori iliyoning’inizwa tawini. Lakini Ngiri hakuita pale kanisa. Aliita “eneo la muda.” Watu wamebatizwa hapo, wamefunga ndoa hapo, wameagwa hapo, bado ni eneo la muda.

Katekista alikuwa Bundi, msomaji mkubwa, shida yake ni kwamba akili yake ilichangamka usiku na vikao vilifanyika mchana. Siku moja alijikaza akaamka kikaoni. Akawaeleza kwamba huko Syria, kando ya mto Frati, katika mji wa Dura-Europos, wachimbaji wa karne iliyopita walifukua nyumba ya kawaida kabisa ambayo Wakristo waliigeuza kuwa mahali pa kusalia katika miaka ya 240. Walichofanya ni kuvunja ukuta kati ya vyumba viwili ili wote waenee, na chumba kingine wakakitengea birika la ubatizo. Basi.

“Na huo mji uliishia wapi?” Ngiri akauliza.

“Waajemi waliuteka na kuuharibu mwaka 256 hivi.”

“Mnaona?” Ngiri akawageukia wajumbe. “Hawakuweka zege.”

Hoja ikapita kwa kauli moja. Bundi akarudi kulala.

Usiku alimtembelea Kobe. Kobe alikuwa amejiandaa. Akamtaja Antoni wa Misri, mtakatifu mzima, aliyekwenda kukaa peke yake jangwani. Bundi akakubali, ila akamkumbusha kwamba hata Antoni alitoka jangwani akaenda Aleksandria wakati Wakristo wenzake wanateswa. Kisha akamweleza habari za Basili, askofu wa Kaisaria, aliyefariki mwaka 379. Huyo naye aliyapenda maisha ya kitawa, lakini aliwauliza waliotaka kuishi kila mtu peke yake: Bwana aliwatawadha wanafunzi wake miguu, je, ninyi mtamtawadha nani?

“Nitajitawadha mwenyewe,” Kobe akasema.

“Miguu ya nyuma unaifikia?”

Kobe akaingiza kichwa ndani. Ni jibu lake kwa mambo mengi, na nimewaona wasomi wakilitumia bila hata kuwa na gamba.

Yaliyofuata yalitokea Ijumaa jioni. Kobe alikuwa akikata njia kupitia penye ule msingi kwa sababu majani ya hapo ni laini. Ukingo ukameguka. Akabiringika, akatua chini chali, miguu minne hewani. Simu ikaangukia hatua mbili kutoka kichwani pake, ikiendelea kuzungumza.

Kobe kulala chali si kichekesho. Mapafu yake yamekaa juu, chini ya gamba la mgongo. Akipinduka, matumbo yote yanayalalia, na kila pumzi inakuwa kazi. Usiku ni afadhali. Jua la huku likishachomoza na kumkuta hajageuka, hafiki jioni. Alipiga miguu mpaka ikachoka. Pale pembeni Nabii Kunguru alikuwa akiwaambia wasikilizaji wenye uhitaji wa haraka wabonyeze moja kwa maombi, mbili kwa sadaka. Kobe hakufikia hata moja.

Alfajiri Ngiri alipita kukagua msingi. Akamwona, akasikitika kwa dhati, lazima tuseme hivyo. Akaandika kwenye daftari: “Kuna kobe msingini.” Akamweleza Kobe kwamba suala lake liko nje ya bajeti ya ujenzi, linaangukia idara ya huruma, na idara ya huruma haijapata mwenyekiti tangu Mbuni ajiuzulu. Ila atalifikisha. Kisha akaondoka mbio, mkia wima kama kawaida yao.

Saa kumi na mbili na nusu zikasikika sauti nyingi zikishuka ukingoni.

“Tumsifu Yesu Kristo!”

“Milele amina,” Kobe akaitikia akiwa chali, kwa mazoea tu.

Walikuwa nguchiro, Jumuiya ya Mtakatifu Monika, na watoto wao, na Kanga wawili, na Nungunungu akifuata nyuma kwa mbali. Mama Nguchiro alishika karatasi iliyokunjwakunjwa. Hawakuwa wamekuja kuokoa mtu. Walifika kwa Mzee Kobe wakamkosa, wakafuata alama za miguu yake mpaka pale, kwa sababu karatasi ilisema Jumamosi hiyo jumuiya inasali kwake.

“Bado niko kwenye zamu?” Kobe aliuliza huku pumzi ikimkatika. “Mwaka mzima sijaonekana.”

“Nani kakufuta? Daftari la Ngiri ni la Ngiri. Hii ni ya kwetu.”

Wakafukua udongo upande mmoja, wengine wakasukuma mabega kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, Kanga wakipiga kelele ambazo hazikusaidia kitu. Mara ya nne akageuka. Akakohoa, akatema vumbi, akatazama chini kwa muda.

“Nyumba yangu inaingia mtu mmoja,” akasema hatimaye.

“Tutakaa nje.”

Basi wakasali hapohapo msingini, mshumaa ukiwa umechomekwa kwenye tofali, mara ya kwanza msingi ule kutumika. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi katika vikundi kama hivi, majirani wanaojuana kwa majina na kwa madeni. Nguchiro hawakuwa wamesoma nyaraka hizo. Walisoma Injili ya Jumapili, wakabishana juu yake, wakasengenya kidogo, wakachanga mia mbili mbili kwa ajili ya Digidigi aliyefiwa. Kobe hakuwa na kitu. Salio lote lilikuwa kwa Kunguru. Hakuna aliyevua miwani.

Mwishoni Mama Nguchiro akafungua karatasi. “Jumamosi ijayo ni kwa...” akasita, “tunaruka hii, tunakwenda kwa Kanga.”

Kobe akanyoosha shingo. Alikuwa karibu, akaona jina lililorukwa. Lilikuwa na alama za kurukwa nyingi pembeni yake.

“Kwa Nungunungu,” akasoma kwa sauti.

Pakawa kimya. Nguchiro mmoja akamsogelea sikioni, akamweleza kwa upole kwamba si chuki, ila kule kwake ni padogo, wakibanana mtu anatoka na miiba, mwaka juzi mtoto alilazwa.

“Atakayekaa karibu naye ni mimi,” Kobe akasema.

Wakalitazama gamba lake. Hakuna aliyekuwa na hoja. Nungunungu, ambaye miaka yote alikaa nyuma kabisa ya mduara, akakohoa, akauliza kama Mzee Kobe anatumia uji wa uwele au apikiwe wa mtama.